Siri ya Kauri ya Wafaransa

Ndugu msomaji, hebu kitazame kile kikombe cheupe cha wageni kabatini kwenu. Wadhani ni udongo tu kama chungu cha sokoni? La hasha! Ile ni kauri, na siri yake iliwatoa Wazungu jasho kwa miaka mingi.

Mabingwa wa kauri walikuwa Wachina. Vyombo vyao vilifika hata pwani yetu, na vigae vyake vimefukuliwa kule Gedi. Wazungu walivinunua kwa bei ghali, wakajaribu kuviiga, wapi! Wajerumani ndio waliotangulia kufaulu, wakafungua kiwanda Meissen mwaka 1710.

Wafaransa nao walianza Vincennes, karibu na Paris, mwaka 1740. Kiwanda kilihamia Sèvres mwaka 1756, na mwaka 1759 Mfalme Louis wa 15 akakinunua. Walitengeneza mitungi ya mapambo, sanamu ndogo na hata maua ya kauri. Yalipendeza ajabu, lakini udongo wenyewe hawakuwa nao. Walitumia mchanganyiko uliofanana na kioo kilichosagwa. Chombo chake kilikwaruzika upesi, na vingi viliharibika tanurini.

Basi ikawaje? Inasimuliwa kwamba mwaka 1768, huko Saint-Yrieix karibu na Limoges, mke wa tabibu mmoja aitwaye Darnet aliona udongo mweupe akadhani utafaa kufulia nguo. Mumewe akaupeleka ukapimwe. Kumbe ni kaolini, udongo ule ule wa Wachina! Ukichanganywa na mawe maalum yaliyosagwa na kuchomwa kwa joto la nyuzi 1400 hivi, hutoa chombo kigumu, cheupe, chembamba hata mwanga hupenya. Limoges ikawa mji wa kauri mpaka leo.

Vyombo vya kale vya Sèvres vilitiwa alama ya herufi mbili za L zilizopishana, yaani Louis. Alama hiyo imeghushiwa mno, kwa hivyo mnunuzi asiiamini peke yake.

Mimi nina neno moja. Mfalme aliandikwa chini ya vyombo, ilhali mama wa Saint-Yrieix hutajwa kwa jina la mumewe tu. Ndiyo maana wahenga walinena, mfinyanzi hulia gaeni. Wenzangu, tukisifu chombo, tuwaulizie pia waliochimba udongo.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu