Mtama wa Upare na Akiba ya Njaa

Msafiri atokaye Tanga kwenda Moshi hupita Hedaru na Makanya kabla ya kuwasili Same. Kuliani kwake husimama milima ya Upare, yenye migomba na ukungu. Kushotoni hutanda nyika kavu yenye miba. Wilaya ni moja, lakini mvua si moja. Huko tambarare, vuli ikikatika majuma mawili wakati mahindi yanapochanua, mkulima amekwisha kupata hasara.

Wazee wa Upare waliijua hali hiyo. Walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito usiku kucha, ili asubuhi yafunguliwe na kugawanywa kwa zamu katika mifereji. Ndiva ya Manoo, kijijini Bangalala, ni mmoja wa ushahidi wa elimu hiyo. Na pale maji ya mfereji yasipofika, walitegemea mtama. Mizizi yake huenda chini sana. Jua likizidi hujikunja majani na kusimama kukua, na mvua ikirudi huendelea.

Kazi yake haikuwa nyepesi. Masuke yakianza kukomaa, watu walipanda madungu kuwinga ndege tangu alfajiri hadi magharibi. Baada ya kuvuna, masuke yalianikwa, yakapurwa kwa fimbo, yakapepetwa kwa ungo. Mengine hayakupurwa: yalitundikwa darini juu ya meko, moshi uyakinge na wadudu, yawe mbegu ya msimu ujao. Sisi tuliopita chuoni twakumbuka kwamba Nabii Yusuf naye aliagiza nafaka ya akiba iachwe katika masuke yake. Unga ulitoa ugali na uji, kimea kikatoa togwa, na mabua yakawa kuni na chakula cha ng'ombe. Ulezi uliwekwa ghalani miaka kadhaa bila kubunguliwa.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba jambo hili ni la watu wa bara peke yao. Mkate wa mofa, ambao wazee wa pwani waliula kwa samaki, ni unga wa mtama huo huo.

Kwa nini basi mashamba ya mtama yamepungua? Ni dhahiri kwamba mahindi ni rahisi kulinda, kwani punje zake zimefunikwa na maganda, na soko lake lipo. Watoto waliokuwa wakiwinga ndege sasa wako shuleni, na hiyo ni haki yao. Lakini ipo sababu nyingine ambayo hatuna budi kuisema: tumeufanya mtama kuwa chakula cha aibu. Wakulima wa Poland na Urusi walikuwa na nafaka yao ya rai, iliyostahimili baridi na udongo dhaifu mahali ngano iliposhindwa. Mkate wake mweusi hawakuuonea haya, na hadi leo wanaula.

Mwaka 1972, huko Iringa, TANU ilitangaza kwamba Siasa ni Kilimo. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliutenga kuwa Mwaka wa Kimataifa wa ulezi, uwele, mtama na jamii zake. Matamko hayo ni mema, lakini tamko haliwingi ndege. Twawaomba viongozi wahakikishe kwamba mbegu zinafika kabla ya vuli na si baada yake. Kwamba kweleakwelea wanadhibitiwa mapema, kwa kuwa familia moja haiwezi kupambana na kundi la maelfu. Na kwamba shule na taasisi zinanunua mtama na ulezi kwa ajili ya uji.

Mkulima wa tambarare asilazimishwe kuacha mahindi. Ashauriwe tu asiweke shamba lake lote katika zao moja. Lori la chakula cha msaada huja baada ya njaa kuingia nyumbani. Mtama wa darini huikuta njaa mlangoni.