Mabingwa Wanaovua Lomami

Mwaka 2007 watafiti wa wanyama walifika Opala, ukingoni mwa Mto Lomami, wakamkuta kima jike mchanga amefungwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Wenyeji walimwita lesula na walimjua tangu zamani. Wanasayansi hawakuwa na habari naye. Alipotangazwa rasmi mwaka 2012, alikuwa kima mpya wa pili tu kutambuliwa Afrika katika muda wa miaka 28. Rekodi hiyo ni ya Opala, nayo yanipa ujasiri wa kudai kwamba wavuvi wa mito yetu wanaweza kuongeza nyingine, safari hii kwa ndege.

Ndege mwenyewe ni mwewe mvuvi, Pandion haliaetus. Usimchanganye na furukombe, ambaye kichwa na kifua chake ni cheupe pe na tumbo lake la hudhurungi. Mwewe mvuvi ana mgongo wa kahawia iliyokolea, tumbo jeupe, na mstari mweusi unaopita jichoni mpaka shingoni. Furukombe anataga hapa kwetu. Mwewe mvuvi ni mgeni: anayefika kwetu huzaliwa Ulaya, kisha hukimbia baridi na kuja kwenye mito na maziwa ya Afrika.

Ubingwa wake wa kwanza ni urefu wa safari. Tazama ramani: Helsinki na Kisangani ziko karibu kabisa kwenye longitudo moja, nyuzi 25 mashariki. Mwewe wa Finland angeshuka kusini bila kupinda popote, angekwenda kilomita zipatazo 6,600, Sahara ikiwemo. Mwenzake wa Marekani alipimwa mwaka 2008 kutoka kisiwa cha Martha's Vineyard hadi Guyana ya Kifaransa: kilomita 4,300 kwa siku 13.

Ubingwa wake wa pili umo miguuni. Nyayo zake zina vijimiba vikali vinavyomshika samaki asiteleze, na kidole cha nje hugeuka nyuma, kwa hiyo hushika kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma. Hujitupa majini miguu ikitangulia, pua zikijifunga, huzama hadi kama mita moja, kisha hunyanyuka na kumgeuza samaki kichwa kiwe mbele ili upepo usimsumbue. Wavuvi wa Wagenia pale Boyoma, wanaotega mitego yao katikati ya maporomoko, wataelewa upesi kuliko mtu yeyote thamani ya kifaa kinachoshika bila kuachia.

Kwenye kiota, jike ndiye anayelalia zaidi na dume huleta samaki, mara nyingi akiwa amekwisha kula kichwa. Mayai kwa kawaida ni matatu, huatamiwa wiki tano na kidogo, na makinda huruka baada ya wiki saba au nane. Wazazi hurudi kiota kilekile kila mwaka na kuongeza matawi, hata kikafika kina cha mita tatu. Kiota cha mtini kikubwa kuliko vyote vilivyopimwa, hata hivyo, ni cha tai wa Marekani mwenye kichwa cheupe: pale St. Petersburg, Florida, mwaka 1963 kilikuwa na upana wa mita 2.9, kina cha mita 6 na uzito uliokadiriwa kuzidi tani mbili. Kwetu Afrika, kwa viota vyenye paa mimi nampa taji fundichuma. Ana ukubwa wa kunguru tu, lakini hupanga maelfu ya vijiti mpaka mtu mzima anaweza kusimama juu ya nyumba yake. Na kwenye visiwa vya Oman visivyo na miti, mwewe mvuvi hutaga chini, juu ya mawe.

Watazamaji nao wana rekodi zao. Loch Garten, Uskoti, mwizi wa mayai alivamia kiota mwaka 1958; mwaka uliofuata ulinzi uliimarishwa, vifaranga watatu wakaruka, na watu 14,000 wakaja kutazama. Finland, tangu 1971, katika mradi ulioanzishwa na mtafiti Pertti Saurola, watu wa kujitolea wamekuwa wakikagua viota kila kiangazi na kuwavisha makinda pete. Karibu nusu ya viota vya huko vimekaa juu ya majukwaa yaliyojengwa na watu.

Pete ndiyo inayotenganisha rekodi na makisio. Jike wa Loch of the Lowes, pia Uskoti, alitaga mayai 71 na vifaranga 50 wakaruka, lakini hakuwa na pete, kwa hiyo umri wake ulikadiriwa tu. Mwewe mvuvi wa Virginia, Marekani, alivishwa pete mwaka 1973 akaonekana tena 1998, na ndiyo maana tunasema kwa uhakika kwamba alitimiza miaka 25.

Sasa njoo Lomami. Mama huondoka kaskazini wa kwanza, na kinda husafiri peke yake bila wa kumwongoza. Akifika Afrika hubaki, mara nyingi mpaka mwaka wa pili au wa tatu. Kwa hiyo mwewe mvuvi atakayeonekana mtoni mwezi Juni, wakati wakubwa wako viotani Ulaya, yaelekea ni kijana, na uhai wake uko mikononi mwetu.

Ndugu mvuvi, ukimkuta amenaswa wavuni au amekufa, mtazame miguu. Ikiwa ana pete, nakili kila herufi na namba, piga picha kwa simu, andika tarehe na mahali, upeleke habari Chuo Kikuu cha Kisangani, chenye kituo cha kufuatilia bioanuwai. Akiwa hai, mfungulie aende na pete yake.