Takataka za angani: zikianguka ku shamba, nani analipa?

Tarehe 30 Desemba 2024, wakaaji wa kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni inchini Kenya, walishangaa kuona pete kubwa ya chuma imeanguka kutoka juu. Upana wake ulikuwa mita 2,5 hivi, uzito kilo 500 hivi. Shirika la anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia. Lakini kama ingeangukia nyumba ao ng'ombe, nani angelipa?

Swali hilo linagusa Masisi na Walikale pia. Teritware hizi ziko karibu na ikweta, na kila satelaiti inayozunguka Dunia inapita juu ya ikweta. Satelaiti ndizo zinabeba sauti ya simu za satelaiti, zinaongoza ndege za misaada, na zinasaidia kutabiri mvua.

Lakini huko juu kumejaa takataka: mabaki ya roketi, satelaiti zilizokufa, vyuma vilivyovunjika. Shirika la anga la Ulaya linakadiria vipande zaidi ya milioni 1 vinavyozidi sentimita 1. Vingi vinakimbia kilomita 7 kwa sekunde: ni kama kutoka Goma mpaka Sake kwa sekunde 4 hivi. Mwaka 2009, satelaiti moja ya Marekani iligongana na ya Urusi iliyokuwa imekufa. Vilibaki vipande zaidi ya 2.000.

Sheria inasema nini? Kufuatana na mkataba wa kimataifa wa 1972, inchi iliyorusha chombo inalipa hasara kilicholeta chini, hata kama haikukosea. Lakini mkulima hawezi kutumia mkataba huo peke yake. Serikali ndiyo inadai, kwa kawaida ndani ya mwaka 1. Mwaka 1978, satelaiti ya Kisovieti yenye mtambo wa nyuklia ilianguka Kanada. Kanada ilidai zaidi ya dola milioni 6 za kwao. Mwaka 1981 ikakubali milioni 3.

Ndiyo maana inchi kama Ufaransa na Uingereza zinaomba kampuni iwe na asiransi, ni kusema bima, mbele ya kurusha. Ni kama motari: asiransi yake inamlinda yule atakayegongwa.

Shida ni kwamba asiransi inalipa ajali, haifagie anga. Kuacha chombo kilichokufa huko juu ni rahisi. Kukishusha kunaomba pesa. Kwa hiyo kuna wanaopendekeza garanti, kama ya kazie ya bia: unaacha pesa, ukirudisha chupa tupu unapewa pesa yako. Kampuni ingeweka pesa mbele ya kurusha, na kuirudishiwa satelaiti ikisha kushushwa. Faini nazo zimeanza: mwaka 2023 Marekani ilitoza kampuni ya Dish Network dola 150.000 juu ya kuacha satelaiti yake ya zamani mahali pasipokubaliwa.

Na wewe ukikuta chuma usichokijua ku shamba? Huku kinaweza kuwa bomu. Usikiguse, usikiuze. Kaa mbali, piga picha ukiwa mbali, julisha shefu wa kijiji. Andika siku, saa, mali iliyoharibika na majina ya walioona. Bila ushahidi huo, serikali haina cha kudai.