Kutunga na Kufumbua Mafumbo ya Jedwali la Namba

Sudoku ni jedwali la vyumba 81: mistari tisa ya kwenda mlalo na safu tisa za kwenda wima, likiwa limegawanywa tena katika miraba midogo tisa yenye vyumba tisa kila mmoja. Mtunzi hujaza vyumba vichache, na mchezaji hujaza vilivyobaki kwa namba 1 hadi 9. Sharti ni moja tu: namba isijirudie katika mstari, safu wala mraba mdogo wowote. Hakuna kujumlisha wala kuzidisha. Namba zenyewe ni alama tu. Zingeondolewa na kuwekwa herufi tisa au picha tisa za matunda, fumbo lingebaki lilelile. Hilo laonekana jambo dogo, lakini ndilo linalotofautisha sudoku ya kawaida na ukoo mkubwa wa mafumbo yaliyotokana nayo.

Ingawa jina lake ni la Kijapani, mchezo huu ulianzia Marekani. Anayetambuliwa kuwa mbunifu wake ni Howard Garns, msanifu majengo wa jimbo la Indiana, na ulichapwa mara ya kwanza mwaka 1979 katika jarida la mafumbo la kampuni ya Dell. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli ya Japani, iliyoongozwa na Maki Kaji, iliuchukua na kuupa jina unalojulikana nalo leo. Baadaye Nikoli iliweka masharti mawili ya utunzi: namba za kuanzia zisizidi 32, na vyumba vyake vipangwe kwa ulinganifu. Wayne Gould wa New Zealand, jaji mstaafu wa Hong Kong, aliandika programu ya kompyuta ya kutunga mafumbo haya, na Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuyachapa. Kutoka hapo yalienea duniani kwa kasi.

Fumbo halali huwa na jibu moja tu, na hapo ndipo kazi ya mtunzi ilipo. Kujaza jedwali zima kwa kufuata sharti si kazi ngumu. Majedwali yaliyokamilika ya vyumba 81 yako 6,670,903,752,021,072,936,960, hesabu iliyofanywa na Bertram Felgenhauer na Frazer Jarvis mwaka 2005. Ugumu ni kujua namba zipi zifutwe na zipi zibaki. Jedwali dogo la vyumba 16, lenye namba 1 hadi 4 na miraba minne midogo ya vyumba vinne vinne, linatosha kuonyesha mtego wenyewe:

1 2 3 4
3 4 1 2
2 1 4 3
4 3 2 1

Katika safu mbili za kwanza, mstari wa kwanza una 1 na 2, na mstari wa tatu una 2 na 1. Mtunzi akifuta vyumba hivyo vinne tu na kuacha vingine vyote 12, fumbo laonekana rahisi kupita kiasi. Kumbe haliwezi kufumbuliwa. Mchezaji anaweza kuandika 1 na 2 juu, 2 na 1 chini, au akageuza, na kwa vyovyote vile mistari, safu na miraba yote itakuwa sawa. Robo tatu ya jedwali imejazwa, na bado majibu ni mawili. Kila mara mstatili wa namna hii unapojitokeza, mtunzi hana budi kuacha walau namba moja kati ya hizo nne.

Kwa sababu hiyohiyo, angalau namba nane kati ya tisa lazima zionekane mwanzoni mwa sudoku ya kawaida. Kama 5 na 7 zote hazipo popote, kila jibu lina pacha wake ambamo 5 na 7 zimebadilishana nafasi. Kuhusu idadi ya vyumba vya kuanzia, Gary McGuire na wenzake wa Dublin walithibitisha mwaka 2012, kwa msaada wa kompyuta, kwamba 16 havitoshi kamwe. Kiwango cha chini ni 17.

Kanuni mpya ikiongezwa, mipaka hiyo hubadilika. Katika sudoku ya vizimba, vyumba vinazungushiwa mstari wa nukta na kupewa jumla yake, na ndani ya kizimba namba hairudiwi. Hapo namba inaacha kuwa alama tupu na kupata uzito. Katika jedwali la juu, mtunzi akiweka kizimba kwenye chumba cha kona ya juu kushoto pamoja na cha chini yake, chenye 3, na kuandika jumla ya 4, utata unakwisha: kona ni 1. Lakini akikiunganisha chumba hicho cha kona na cha kulia kwake kwa jumla ya 3, hajasaidia kitu, kwa kuwa 1 na 2 zinatoa 3 kwa mpangilio wowote. Kizimba hufaa pale tu kinapovuka mstatili wenye utata, na watunzi wazuri huanza kwa kuutafuta mstatili huo.

Mfumbuaji naye ana nyenzo zake. Iliyo muhimu kuliko zote ni 45, jumla ya namba 1 hadi 9, ambayo kila mstari, kila safu na kila mraba mdogo lazima ufikie. Tuseme vizimba vinavyofunika mraba mdogo vimetokeza nje kwa chumba kimoja tu, na jumla zake ni 48. Chumba hicho cha nje ni 3, bila kubahatisha, hata kama hakuna namba nyingine iliyokwisha kuandikwa. Kisha kuna jumla za pembezoni: vyumba viwili vyenye 17 ni 8 na 9, vitatu vyenye 24 ni 7, 8 na 9. Kizimba cha 17 kikilala ndani ya mstari mmoja, vyumba vingine vya mstari huo haviwezi tena kuwa na 8 wala 9, na mara nyingi hapo ndipo fumbo zima linapofunguka.

KenKen, iliyobuniwa na mwalimu wa Kijapani Tetsuya Miyamoto mwaka 2004, imefika mbali zaidi: imeondoa miraba midogo kabisa na kuruhusu pia kutoa, kuzidisha na kugawanya. Katika jedwali la sita kwa sita, vyumba viwili vyenye zao la 20 ni 4 na 5. Miyamoto aliikusudia kwa wanafunzi wake, na kwa kweli ni vigumu kupata zoezi la hesabu linalomshika mtoto kiasi hicho.

Kanuni mpya inaweza pia kuhusu ujirani. Mwaka 2020 Mitchell Lee alitunga sudoku ya vyumba 81 yenye namba mbili tu mwanzoni, 1 na 2. Aliongeza kwamba vyumba vinavyogusana ubavu visiwe na namba zinazofuatana, na kwamba namba ileile isirudie pale ambapo mfalme au farasi wa sataranji angefika kwa hatua moja. Simon Anthony aliifumbua mbele ya kamera, hatua kwa hatua, na maelfu kwa maelfu ya watu waliitazama.

Anayetaka kujaribu kutunga aanze na vyumba 16. Ajaze jedwali zima, achague kanuni moja ya ziada, afute namba moja moja, na kila anapofuta alifumbue upya tangu mwanzo. Kompyuta inaweza kuthibitisha kwamba jibu ni moja, lakini haisemi kama njia ya kulifikia inapendeza. Kwa hilo apewe mtu mwingine kalamu na fumbo, bila maelezo ya ziada. Akikwama mahali ambapo hana budi kukisia, namba moja irudishwe.