Kioo cha namba 10: gharama isiyoandikwa katika karakana za Butembo na Beni

Kama ujenzi unakwenda vizuri Butembo, mashariki mwa Kongo, karakana za vyuma ndizo za kwanza kujua. Mageti, nondo za madirisha, viti vya kanisa, fremu za pikipiki zilizovunjika kwenye Barabara ya Taifa namba 2, vyote hupitia kwa mafundi wa kuchomelea. Beni nako, ambako mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 yamewanyima watu usingizi, mlango wa chuma si pambo la nyumba.

Mabomba, bageti za kuchomelea na mashine hushushwa Mombasa, hupita Kampala na kuvuka mpaka Kasindi. Kwa miaka mingi kazi ilitegemea jenereta. Umeme wa maji ulipoanza kupatikana, kwanza Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mwaka 2013, kisha katika sehemu za miji hii miwili, fundi aliweza kuchomelea kwa saa nyingi zaidi. Na saa zinapoongezeka, miali anayoipokea mwilini huongezeka pia.

Tao la umeme linalowaka kati ya bageti na chuma ni plazima, yaani gesi iliyopashwa moto kupita nyuzijoto 5,000. Pamoja na mwanga unaoonekana, hutoa miali ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni wala halisikii maumivu yake papo hapo. Maumivu huja saa 6 hadi 12 baadaye, fundi akiwa kitandani, macho yakikwaruza kana kwamba yamejaa mchanga. Wapo wanaoweka vipande vya viazi vibichi wakingoja kukuche. Kwa kawaida macho hupona baada ya siku moja au mbili, lakini siku hizo bila kazi hazimo katika bei ya mlango. Saratani haimo kabisa: mwaka 2017, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka miali ya kuchomelea katika kundi la 1, la visababishi vilivyothibitishwa, hasa kwa melanoma ya jicho.

Aliye katika hatari kubwa mara nyingi ni msaidizi wa fundi. Geti likiunganishwa, fundi hushika bageti kwa mkono mmoja na barakoa kwa mwingine. Mwanagenzi ameshikilia pembe kwa mikono yote miwili. Anageuza shingo, anafumba macho, na shavu lake linabaki wazi hatua moja tu kutoka kwenye moto. Muuza vocha wa jirani naye hupata sehemu yake, kwa kuwa karakana nyingi ziko kando ya barabara.

Miwani ya jua ni mtego. Giza lake humfanya mtu avumilie kutazama kwa muda mrefu, lakini haikutengenezwa kwa tao la umeme na haifuniki uso. Kwa amperi 60 hadi 160, kiwango cha kazi nyingi za milango, kioo kinachopendekezwa ni namba 10. Barakoa ya kujitia giza, ikiwa ni ya viwango, huzuia miali hii hata kabla kioo hakijageuka cheusi.

Miali hupunguzwa pia pale inapotoka. Amperi zikipanda, huongezeka kwa kasi. Bageti ya milimita 2.5 hutosheka na amperi 60 hadi 90, na kuipa zaidi ni kuunguza chuma na macho pamoja. Tao liwe fupi. Pazia la turubai zito linatosha kumkinga jirani. Ukuta wa bati jipya hurudisha miali kwa waliomo ndani. Ukipakwa rangi nyeupe yenye oksidi ya titani, huimeza sehemu kubwa, na ndoo moja ya rangi haimfilisi mwenye karakana.

Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi, lakini mwanagenzi anayelipwa chakula na ahadi hana mkataba wa kuonyesha. Ndiyo maana nawatazama zaidi waagizaji. Wafanyabiashara wa Butembo wananunua wenyewe Dubai na Guangzhou, wanachagua kila kinachoingia kwenye kontena. Wauze mashine ikiwa na barakoa mbili, ya fundi na ya msaidizi, kwa bei moja isiyogawanyika, na vioo vya akiba vikae dukani rafu moja na bageti.