Je, Wajua? Kioo cha Getini Kina Tarehe Yake

Ukifika na gari kwenye geti la hoteli au jumba la maduka jijini Nairobi, soja huinama na kioo chenye mpini mrefu, akakizungusha chini ya gari, kisha akakuomba ufungue buti. Anatafuta kisichofanana na vingine: waya msafi penye vumbi, kifurushi kilichofungwa kwa gundi, kitu kinachoning'inia pasipo sababu. Wengi wetu huikasirikia foleni. Lakini mazoea mengi ya ulinzi tuliyo nayo Afrika Mashariki yana siku yalipozaliwa, na siku hiyo kuna watu walikufa. Basi, je, wajua…

…kwamba Nairobi, ile Ijumaa ya Agosti 7, 1998, kulisikika kishindo kidogo kwanza? Mshambuliaji mmoja aliwarushia walinzi wa ubalozi wa Marekani guruneti la kushtua. Watu wa ofisi za jirani wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini, na hapo ndipo lori lenye bomu likalipuka. Vioo viligeuka visu. Watu 213 walifariki Nairobi, na kati ya majeruhi zaidi ya 4,000 wapo wengi waliopoteza macho. Kwa hiyo mtoto yeyote wa shule afundishwe hivi: ukisikia mlio usioujua, usiende dirishani. Lala chini, mbali na kioo, funika kichwa.

…kwamba kioo hichohicho cha dirisha kinaweza kutibiwa mapema? Kioo cha kawaida hupasuka vipande virefu vyenye ncha. Kilichobandikwa utando mzito wa plastiki, au kilichotengenezwa kwa tabaka mbili zenye plastiki katikati, nacho hupasuka, ila vipande hubaki vimeshikana. Ningekuwa na jengo kando ya barabara kubwa, ningeanza na madirisha kabla sijanunua hata kamera moja.

…kwamba Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameiomba Washington jengo jipya kabla ya bomu? Lile la zamani lilikuwa kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, limebanana na barabara na majirani. Wamarekani wenyewe walikwisha kupendekeza, tangu 1985, kwamba balozi zao zikae futi 100 kutoka barabarani, yaani kama mita 30. Kanuni ilikuwepo kwenye karatasi, uwanja haukuwepo. Ubalozi mpya ulifunguliwa Gigiri mwaka 2003, safari hii ukiwa na uwanja wa kutosha.

…kwamba yale masanduku makubwa ya maua ya zege mbele ya mahoteli hayapo kwa ajili ya maua? Nguvu ya mlipuko hufifia upesi kadiri unavyosogea mbali nao, kwa hiyo kila hatua ambayo gari linazuiwa lisikaribie mlango ni uhai wa mtu aliye ndani.

…kwamba Dar es Salaam iliokolewa kwa sehemu na boza la maji? Dakika chache baada ya Nairobi, lori la bomu lilifika kwenye geti la ubalozi kule Oysterbay, likakuta boza linaloleta maji limetangulia na kuziba njia. Halikupata kuingia uani. Boza likabeba sehemu kubwa ya kishindo. Watu 11 waliuawa, walinzi wa geti wakiwa miongoni mwao, na hasara ingeweza kuwa mara nyingi zaidi. Hapakuwa na mpango wowote katika hilo la boza, lakini walinzi wale walikuwa kazini, wakifanya kazi yao ya kulisimamisha gari na kulikagua. Nawataja kwa heshima.

…kwamba kituo cha taifa cha kuratibu maafa nchini Kenya kiliundwa Januari 1998, kwa sababu ya mvua za El Niño? Miezi saba baadaye kikakutana na bomu. Siku ile majeruhi wengi walifika hospitalini kwa matatu na magari ya watu binafsi, na waliochimba kwa mikono kifusi cha Ufundi House, jengo la jirani lililoporomoka, walikuwa wapita njia. Mtu wa kwanza kukufikia mara nyingi ni yule uliyekuwa naye kwenye foleni.

…kwamba mtu anaweza kufa kwa kutokwa damu ndani ya dakika chache, kabla ambulansi haijawasha hata king'ora? Bonyeza jeraha kwa kitambaa, kwa nguvu zako zote, wala usiachilie kuchungulia. Kama ni mkono au mguu na damu haikomi, funga mkanda mpana upande wa juu wa jeraha, kati yake na kiwiliwili, kaza mpaka damu isimame, uandike saa uliyofunga. Daktari ataihitaji hiyo saa.

…kwamba bima ya kawaida ya moto mara nyingi haigusi ugaidi? Baada ya Septemba 11, 2001, kampuni za bima duniani ziliutoa ugaidi kwenye sera za kawaida. Sasa huuzwa peke yake, pamoja na ghasia za kisiasa. Mwaka huohuo wa 2001 shirika la bima ya biashara la nchi kadhaa za Afrika, lenye makao Nairobi, liliundwa, na baadaye likawa miongoni mwa wanaouza kinga hiyo. Mwenye duka, hebu isome upya sera yako, hasa ukurasa ule wa mambo yasiyolipwa.

…kwamba lile daftari la wageni mlangoni, lenye jina, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia na ofisi unayokwenda, ndilo linaloweza kuwaambia waokoaji nani bado yumo ndani? Ila linafaa tu kama saa ya kutoka nayo imejazwa. Fungua ukurasa wowote uone safu hiyo ya mwisho ilivyo tupu. Tena tangu sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019, namba yako ya kitambulisho haipaswi kuachwa wazi kusomwa na kila anayeingia baada yako.

…kwamba Nyumba Kumi ya Kenya ilitoka Tanzania? Mabalozi wa nyumba kumi walianza enzi za chama cha TANU, miaka ya 1960. Kenya iliuchukua mpango huo baada ya shambulio la jumba la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013. Wazo lenyewe ni la kijirani kabisa: mzee wa Nyumba Kumi anajua nani kahamia chumba cha nne, nani halali usiku, kijana wa nani kaacha shule ghafla na simu yake haipatikani. Kamera haijui hayo. Lakini jirani husema anapoamini kwamba hatageuzwa mshukiwa. Aprili 2014, katika msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walikamatwa na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mama aliyelala pale na wanawe, kesho akisikia jambo, atamwambia nani? Kwangu mimi hilo ndilo swali zito kuliko yote katika ulinzi wa nchi, na kamera hazilijibu. Kwale, iliyokuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuandika mpango wake wa kuzuia itikadi kali, mwaka 2017, ilionyesha njia nyingine: kuwaketisha wazee, viongozi wa dini, akina mama na polisi meza moja.

…kwamba saa zinahesabika? Westgate, Septemba 2013: siku nne, watu 67 wakauawa, na vikosi vya serikali vikafyatuliana risasi vyenyewe kwa vyenyewe. Garissa, Aprili 2, 2015: washambuliaji waliingia chuo kikuu alfajiri, kikosi maalumu kilikuwa Nairobi, umbali wa zaidi ya kilomita 350, na kufikia jioni watu 148 walikuwa wameuawa, wengi wao wanafunzi. Hoteli ya DusitD2, Nairobi, Januari 2019: saa 19 hivi, watu 21 wakauawa, na zaidi ya 700 wakatolewa wazima. Idadi ya 21 inauma bado. Lakini mara hii vikosi vilifika mapema, na wengi waliojifungia vyumbani walinyamazisha simu wakasubiri.

…kwamba kanuni za Kenya za mwaka 2007 zinataka zoezi la kuhama jengo wakati wa moto lifanywe mahali pa kazi angalau mara moja kila miezi 12? Lifanywe, lakini lifanywe kwa akili. Novemba 2015 chuo kimoja Nairobi kiliigiza shambulio kwa milio ya bunduki, na wengi hawakujua ni igizo. Watu waliruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja akafa, makumi wakaumia. Zoezi hutangazwa, na watu huambiwa mapema mlango upi, ngazi ipi, uwanja upi wa kukutanikia.

…na kwamba maandalizi mengine hufanyika bila amri ya mtu? Novemba 2014 basi lililotoka Mandera, kaskazini-mashariki mwa Kenya, lilitekwa, wasio Waislamu wakatengwa, watu 28 wakauawa. Kila aliyesafiri njia ile baada ya hapo alijua kitakachoulizwa mlangoni. Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, basi jingine likasimamishwa likiwa na abiria zaidi ya 60. Wanawake Waislamu waliwavisha jirani zao Wakristo hijabu. Washambuliaji walipoamuru abiria wajigawe, Waislamu walikataa, wakawaambia wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku hiyo. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika shambulio hilo, akafariki hospitalini Nairobi Januari 2016. Alikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na alikuwa safarini kurudi Mandera.