Butembo-Beni: Kompyuta ya michezo, kuibeba kwa kredi ao kununua yako pole pole?

Jioni, kwenye barabara ya Président de la République mjini Butembo ao kwenye Boulevard Nyamwisi kule Beni, mashini ya michezo yenye taa za rangi inavuta macho ya vijana. Wanasimama nje ya duka, wanauliza bei, wanacheka, wanaondoka. Lakini mmoja anarudi kesho yake, na mwenye duka anajua la kumwambia: « Beba tu, petit. Toa avansi, ingine utalipa mwezi na mwezi. »

Maneno matamu hayo. Sasa tufanye hesabu.

Tuseme mashini ni dola 600 ukilipa mara moja. Kwa kredi unatoa avansi ya dola 150, kisha dola 60 kila mwezi kwa miezi 12. Sitini mara 12 ni 720. Ongeza 150, inakuwa dola 870. Ulikuwa umebakiza dola 450 tu, na juu yake umetoa 270 zaidi. Na kwa kuwa deni linapungua kila mwezi huku wewe unalipa ile ile 60, riba inafika karibu asilimia 8 kwa mwezi. Namba hizi ni za mfano. Weka zile utakazopewa dukani, hesabu ni ile ile.

Angalia tena: kijana mwenye dola 150 mkononi na anayeweza kuweka 60 kila mwezi, baada ya miezi 3 ana dola 330. Hiyo inaweza kutosha kupata mashini ya kuchezea, siyo ile yenye taa, lakini yake kabisa.

Hilo neno « yake » ndilo kubwa. Katika mapatano ya kukodi mpaka iwe yako, mashini inabaki ya mwenye duka hadi malipo ya mwisho. Wanyonga pikipiki wanajua: unapeleka versement kila wiki, siku unaposhindwa, moto inarudi kwa mwenyewe. Kule Kenya, simu za M-KOPA zinafungwa kutoka mbali mteja akikosa kulipa. Nasi hapa tunajua miezi yetu ilivyo. Ville morte ya siku tatu, barabara ya Kasindi kufungwa juu ya usalama, familia kukimbia kijiji na kuja kukaa kwako: mapato yanasimama, deni halisimami. Tena pikipiki inaleta feza kila siku ya kazi. Kompyuta ya michezo haileti kitu, isipokuwa umefungua sale ya kuchezesha watoto ao unafanya montaji ya video za harusi.

Sasa, dola 330 inanunua nini? Usitafute neno « gaming » kwenye kisanduku. Tafuta kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumiwa: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Makampuni makubwa yanaziondoa ofisini zikiwa bado nzima, ndiyo maana bei yake iko chini. Chukua yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 ao zaidi. Ni rahisi kuijua: i5-8500 inaanza na 8, i5-6500 inaanza na 6. Tofauti si ndogo, juu Windows 11 haikubali rasmi zile za zamani, na Windows 10 iliacha kupata masahihisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025.

Halafu unaongeza karte ya picha. GTX 1650 ni ya mwaka 2019 lakini inacheza eFootball, GTA V na Counter-Strike 2 bila taabu kwenye ekrani ya kawaida. Zilizo nyingi zinakula wati 75 tu na hazihitaji waya wa pembeni, jambo la lazima kwenye mashini za ofisi ambazo alimentation yake ni ndogo, na mara nyingi haibadilishwi kwa ya kawaida ya sokoni. Pima pia kisanduku: kile chembamba kinataka karte fupi. Kuna waliolipa karte nzuri kisha ikagoma kuingia. Ukikosa feza ya karte, anza na mashini peke yake, cheza michezo ya zamani, karte itakuja mwezi mwingine. Kwa kredi huwezi kununua nusu nusu namna hiyo.

Memori, chukua vipande viwili vya giga 8 kuliko kimoja cha 16. Michezo inaenda mbio zaidi. Disiki iwe SSD.

Dukani, usilipe kabla ya kuiona ikicheza nusu saa nzima. Beba kwenye kle USB programu mbili za bure: CrystalDiskInfo, inayoonyesha afya ya disiki, na GPU-Z. Hii ya pili ni ya lazima, juu kuna karte za zamani ambazo wajanja wamezibadilisha jina zionekane mpya. GPU-Z ikitambua ya namna hiyo, inaandika FAKE mbele ya jina. Mwenye duka akikataa uijaribu, umekwisha kupata jibu.

Usisahau umeme. Mashini ya namna hii ikicheza inakula karibu wati 150 pamoja na ekrani, jenereta ndogo inaibeba. Lakini umeme ukikatika ghafula, disiki inaweza kuharibika. Weka dola za onduleri ndani ya hesabu tangu mwanzo. Ile ya taa za rangi ingeomba onduleri kubwa zaidi, na esansi zaidi.

Kwa kukusanya feza, wamama wetu walitutangulia: likelemba ya watu sita, kila mmoja dola 50 kwa mwezi, na zamu yako unabeba 300. Ukipewa zamu ya kwanza, umepata kredi isiyo na riba. Ndani ya AVEC, riba ipo, lakini inarudi kwa wanamemba wakati wa kugawana.

Na kama ni lazima uchukue kwa kredi, labda mémoire inakungoja UCG na mashini unaitaka wiki hii, omba karatasi. Iandikwe jumla yote utakayolipa, siyo ya mwezi tu. Iandikwe ukichelewa mwezi mmoja kutakuwa nini, na mashini ikirudishwa utapata kiasi gani cha ulichokwisha kutoa. Tarehe, namba ya seri ya mashini, sahihi za wawili na shahidi mmoja. Kila malipo, risiti yake, hata ukilipa kwa M-Pesa ao Airtel Money.